Sanaa imerejea madarasani Kericho na Bomet, lakini nani atawafunza watoto kutazama?

MTOTO anayesomea shule ya msingi iliyozungukwa na mashamba ya chai huko Kericho au Bomet hupita kila asubuhi katika mandhari ambayo watalii husimamisha magari ili kuipiga picha. Vilima vimefunikwa kwa kijani cha namna nyingi: kijani chepesi cha chipukizi lililo tayari kuchumwa, kijani kizito cha majani yaliyokomaa, kijivu cha mikaratusi inayongoja kukatwa iwe kuni za viwandani, na wekundu wa udongo pale njia inapolipasua shamba. Lakini mtoto huyo anapopewa karatasi achore kwao, aghalabu huchora kile alichokiona ubaoni: nyumba ya paa la pembetatu, milima miwili, na jua lenye miale likichungulia katikati.

Huo si upungufu wa akili wala wa kipaji. Ni matokeo ya jinsi somo la sanaa lilivyofundishwa, au lilivyoachwa bila kufundishwa, katika shule za msingi nchini kwa takriban miaka 40. Sasa somo hilo limerejeshwa kupitia Mtaala wa Umilisi, maarufu CBC, ulioanza kutekelezwa kote nchini Januari 2019. Limepewa vipindi, vitabu na nafasi katika tathmini ya kitaifa. Swali linalosalia ni iwapo limerejea kwa jina tu.

Kwa wenyeji wa ukanda wa chai, swali hili si la anasa. Mwezi Mei 2023, waandamanaji waliteketeza mitambo ya kuchuma majanichai huko Kericho, wakilalamika kuwa mashine zinawanyang'anya riziki. Mitambo hiyo ilianza kuonekana katika mashamba makubwa tangu miaka ya 2000, na chama cha wafanyakazi wa mashambani kimepigana nayo kortini na nje ya korti. Yeyote atakayeshinda vita hivyo, ni vigumu kumwambia mtoto wa mchumaji chai leo kwamba kikapu cha mama yake kitamsubiri. Mikono yake itahitaji kazi nyingine, na macho yake pia.

Kuna historia ambayo wadau wa elimu hawapendi kuikumbuka. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985 kufuatia mapendekezo ya Tume ya Mackay ya mwaka 1981, uliahidi jambo lilelile ambalo CBC inaahidi sasa: mtoto atakayetoka shuleni akiwa na ujuzi wa mikono. Sanaa na kazi za mikono zikawa somo la lazima. Wazazi walichanga pesa za kujenga karakana, wengine kwa harambee zilizowaumiza. Kisha mtihani wa KCPE ukaja na kulipima somo hilo kwa maswali ya kuchagua jibu. Mwanafunzi aliulizwa ni rangi gani hupatikana buluu ikichanganywa na manjano, akaweka alama kwenye herufi sahihi, akafaulu. Haikuwa lazima awe amewahi kuzichanganya.

Walimu si wajinga. Walipoona kuwa alama zinapatikana kwa kukariri, walifundisha kukariri. Karakana zikageuka stoo za viti vilivyovunjika. Mapitio ya mtaala ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yalipopunguza masomo ya KCPE hadi matano na kuiondoa sanaa katika mtihani, hakuna aliyeandamana. Kipindi cha sanaa kilibaki kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani, lakini saa yake ilipofika darasa lilikuwa likifanya Hisabati. Elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa ya bila malipo Januari 2003, madarasa yalifurika, na mwalimu mwenye watoto wengi kupita kiasi hakuwa na muda wa kuwagawia udongo wa kufinyanga.

Hivyo basi kuna kizazi kizima kilichopita shule ya msingi bila kuguswa na somo hili. Baadhi yao ndio walimu wa leo. Hili ndilo jambo zito zaidi katika mjadala huu wote, ingawa hutajwa kwa nadra: mwalimu wa Gredi ya Nne aliyezaliwa katikati ya miaka ya 1990 anatakiwa kufundisha uchoraji, ufinyanzi, ufumaji na kuchapa kwa rangi, naye mwenyewe hakufundishwa hata kimoja. Stashahada mpya ya ualimu wa shule za msingi, iliyochukua nafasi ya cheti cha P1 kuanzia mwaka 2021, huenda ikabadilisha hali hiyo polepole. Lakini walio madarasani sasa ni wengi kuliko watakaotoka vyuoni kwa miaka mingi ijayo.

Mambo yalizidi kupindika baada ya ripoti ya Jopokazi la Rais kuhusu Mageuzi ya Elimu, lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu na kukamilisha kazi yake mwaka 2023. Wazazi na walimu walikuwa wamelalamika kuwa masomo ni mengi mno, na malalamishi hayo yalikuwa ya haki. Katika kuyapunguza, sanaa ya kuchora na kazi za mikono iliunganishwa na muziki na michezo, vikawa somo moja la Sanaa Bunifu. Kwenye karatasi, somo hilo lina vipindi sita kwa wiki katika madarasa ya juu ya shule ya msingi, kila kimoja dakika 35. Hicho si kiasi kidogo.

Kinachotokea kinaweza kutabiriwa bila kuwa mganga. Mwalimu anayependa kandanda atawatoa watoto uwanjani. Anayejua kuimba ataimba nao. Hakuna anayeweza kumlaumu, kwa kuwa yuko ndani ya somo. Uchoraji, unaohitaji vifaa, maji, vitambaa vya kupangusia na subira, utangojea wiki ijayo, na wiki ijayo ina mvua.

Na tathmini? KPSEA, ambayo hufanywa mwishoni mwa Gredi ya Sita, ilipoandaliwa kwa mara ya kwanza mwaka 2022, sanaa iliwekwa katika karatasi moja na Somo la Jamii, kwa maswali ya kuchagua jibu. Ni kweli kwamba kuna tathmini za shuleni ambazo humtaka mwanafunzi atengeneze kitu kwa mikono yake na mwalimu akipe alama. Lakini kila mzazi anajua ni karatasi ipi inayoogopwa, na kila mwalimu mkuu anajua ni matokeo yapi yatakayoulizwa mkutanoni. Nchi imerudi pale ilipokuwa mwaka 1985: inafundisha mkono, kisha inapima kumbukumbu.

Katika mabishano ya umma, hata hivyo, suala lililopewa uzito ni la pesa. Septemba 2021, malalamishi dhidi ya CBC yalifika Mahakama Kuu, na redioni na mitandaoni wazazi walieleza jinsi wanavyotumwa usiku kutafuta manila, gundi, krayoni na picha za kuchapishwa kwenye saiba. Wengine walisema wao ndio waliokuwa wakitengeneza hivyo vinyago vya kutishia ndege, mtoto akiwa amelala. Katika kijiji cha wachumaji chai, ambako duka la vifaa vya shule huenda likawa mjini, gharama ya manila hiyo ni pamoja na nauli.

Serikali nayo hutenga shilingi 1,420 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi ya umma. Zikigawanywa kwa mihula mitatu hazifiki shilingi 475, na hapo hazijalipia chaki, vitabu, stima na marekebisho ya madirisha. Walimu wakuu wamelalamika mara kwa mara kwamba hata hizo hufika zikiwa zimechelewa au zimepungua. Anayetarajia pakiti za rangi zitoke humo anajidanganya.

Lakini hoja ya pesa, ijapokuwa ni ya kweli, imetumiwa kuficha hoja nyingine. Sanaa ya mtoto haihitaji duka kwa kiasi kinachodhaniwa, na hasa haihitaji duka katika nchi ya chai. Mchai hupogolewa kila baada ya miaka michache, na matawi yake hugeuzwa kuni. Vijiti vyembamba vya matawi hayo vikipangwa ndani ya mkebe wenye kifuniko kilichotobolewa tundu dogo, mkebe ukaachwa motoni hadi moshi ukome kutoka, hupatikana makaa ya kuchorea. Darasa zima linaweza kutengenezewa makaa ya muhula kwa moto mmoja wa jikoni shuleni.

Chai yenyewe ni rangi. Ikichemshwa hadi ikapungua na kuwa nzito, hupaka karatasi kwa hudhurungi ambayo inaweza kuongezwa tabaka juu ya tabaka, hafifu kwa mlima wa mbali na nzito kwa mti wa karibu. Ikiachwa siku kadhaa na misumari yenye kutu na matone ya ndimu, hubadilika kuwa nyeusi kwa sababu tanini iliyomo kwenye majani hukutana na chuma. Huo ni wino. Wino wa aina hiyo, ijapokuwa tanini yake ilitoka kwa mti wa mwaloni, ndio ulioandikiwa vitabu na hati za Ulaya kwa karne nyingi. Mwalimu wa Sayansi anaweza kuazima somo hilo, na mtoto ambaye baba yake hufanya kazi kiwandani akapata jambo la kumweleza baba yake jioni.

Udongo wa mfinyanzi hupatikana kando ya mito na mabwawa. Kijiti cha mti laini kikitafunwa ncha huwa burashi. Maboksi, magunia ya karatasi na magazeti ya zamani huwa mahali pa kuchorea. Mtaala wenyewe unahimiza matumizi ya vitu vinavyopatikana katika mazingira. Kinachokosekana ni mwalimu aliyewahi kufanya hivyo japo mara moja, akajua makaa ya mti gani huvunjika na udongo upi hupasuka ukikauka.

Ni mwalimu huyohuyo anayehitajika pale watoto wanapofikia umri wa miaka tisa au kumi. Viktor Lowenfeld, mzaliwa wa Austria aliyehamia Marekani na kuchapisha mwaka 1947 kitabu kuhusu ukuaji wa ubunifu wa watoto, alieleza kwamba katika umri huo mtoto huanza kutaka picha yake ifanane na kitu chenyewe. Anapoona haifanani, huona aibu. Mtoto wa miaka sita huchora ng'ombe kwa miguu mitano na kuinua karatasi kwa fahari. Wa miaka kumi hufunika yake kwa mkono na kusema hajui kuchora. Wengi huacha hapo, maisha yao yote.

Umri huo ndio wa Gredi ya Nne hadi ya Sita. Kumwambia mtoto wa rika hilo achore atakavyo ni kumtelekeza. Kumpa picha ya kunakili ubaoni ni kumfunga. Anachohitaji ni mbinu: jinsi ya kupima kwa jicho na kalamu iliyonyooshwa mkono, jinsi ya kuona kwamba mistari ya mashamba ya chai hukaribiana kadiri inavyokwenda mbali, jinsi kivuli kinavyouonyesha mviringo wa nyungu. Zoezi moja rahisi ni kukata dirisha dogo kwenye kipande cha boksi, lenye ukubwa wa kiberiti, na kumtaka mtoto achore tu kile kinachoonekana ndani yake. Kilima kizima humtisha. Kilima kilichofungiwa ndani ya dirisha la kiberiti humwita.

Hili si wazo jipya katika eneo hili la Afrika. Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa Makerere katika miaka ya 1930, alisisitiza kwamba wanafunzi waanze na maisha na vitu wanavyovijua badala ya kunakili michoro ya Ulaya. Alikuwa na mipaka yake, na waliomfuata walimkosoa kwa haki, lakini miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo Mkenya Gregory Maloba, aliyechonga Mnara wa Uhuru uliosimamishwa Kampala mwaka 1962. Elimo Njau, aliyesomea Makerere pia na kisha kuwa miongoni mwa waanzilishi wa kituo cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, alijulikana kwa msimamo wake mkali dhidi ya kuiga. Miaka 60 baadaye, mwongozo wa kazi nyingi za watoto bado ni mchoro wa ubaoni.

Sanaa ina upande wa pili ambao shule husahau kabisa, nao ni kuithamini: kutazama kazi iliyofanywa na mtu mwingine, kueleza kilichomo, kutambua ilivyofanywa na kuuliza kwa nini ilifanywa hivyo. Wengi hudhani hilo linahitaji makumbusho, na makumbusho yako Nairobi. Kwa watoto wa Kericho na Bomet, pa kuanzia ni ukutani jikoni.

Huko huning'inia sotet, kibuyu cha mursik. Wakenya wengi wamekiona kwenye televisheni tu, mwanariadha akinyweshwa maziwa hayo uwanja wa ndege anaporejea na medali. Wachache hukitazama kibuyu chenyewe. Kilianza kuwa sanaa shambani, mtu alipochagua mbegu na kuliacha tunda likomae kwa umbo alilolitaka. Kikakaushwa, kikatolewa nyama ya ndani, kikasuguliwa kwa makaa ya mti wa senetwet kwa kutumia sosiot, ule ufagio wa fito, hadi ndani kukawa na rangi na harufu yake. Nje kikavishwa ngozi, shanga, wakati mwingine kauri. Kuna mpangilio wa rangi hapo, kuna urari, kuna uamuzi kuhusu mahali pa kujaza na mahali pa kuacha patupu. Nyanya aliyekipamba hakuitwa msanii, lakini alifanya maamuzi yote ya msanii.

Mwalimu anaweza kuviomba vibuyu vitatu kutoka nyumba tatu na kuviweka mezani. Watoto watazame kwanza kwa dakika tano bila kusema. Kisha waseme kinachotofautiana. Kipi kilipambwa na mtu mwenye haraka? Kipi kilirekebishwa baada ya kupasuka, na ufa ule ulishonwaje? Kisha waalikwe wazee wawili waje waeleze kisichoonekana. Somo hilo halina gharama, isipokuwa hofu ya mwalimu kwamba kibuyu cha mwenyewe kitaanguka. Na lina haraka yake, kwa maana mursik siku hizi huuzwa hata katika chupa za plastiki, na wapambaji wanazeeka.

Katika shule zilizo ndani ya mashamba makubwa kibuyu hakitoshi, wala hakipaswi kutosha. Kampuni za chai zilijenga vijiji vya wafanyakazi na shule za watoto wao, na watoto hao ni wa Wakipsigis, Abagusii, Wajaluo, Waluhya na wengineo. Ni shule ambazo watoto wake waliona, mwanzoni mwa mwaka 2008, majirani wakifukuzwa kwa sababu ya kabila. Darasani humo kikapu cha Kigusii na chungu cha Kijaluo viwekwe karibu na sotet. Kiswahili ndicho lugha ya watoto hao uwanjani, na bila shaka kitatosha kuvijadili vyote vitatu.

Baada ya jikoni kuna mjini. Kericho ina jengo ambalo wasanifu kutoka nchi za mbali wamelisoma kwenye majarida, ilhali watoto wengi wa eneo hilo hawajawahi kuulizwa wanalionaje. Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, lililowekwa wakfu Mei 2015, lilisanifiwa na kampuni ya John McAslan + Partners ya London. Paa lake la vigae vya udongo hupanda na kupanuka kutoka mlangoni kuelekea altareni, likibebwa na fremu kumi za zege zenye umbo la V iliyopinduliwa, na kwa ndani limefunikwa kwa vipande vyembamba vya mbao za msipresi. Fundi wa eneo hilo alishiriki kulijenga. Mtoto anaweza kusimama mlangoni, awe Mkatoliki au la, akaulizwa: mbona unahisi unavutwa mbele? Atakapogundua kwamba ni jengo lenyewe linalomvuta, na kwamba kuna mtu aliyekusudia avutwe, atakuwa ameelewa usanifu bila kufundishwa neno hilo.

Kwa upande wa Bomet, barabara ya Sotik inaelekea Kisii, na huko Tabaka ndiko lilikochimbwa jiwe ambalo limeifanya Kenya ijulikane kwa vinyago katika maduka ya watalii duniani. Elkana Ong'esa, mchongaji wa Tabaka, ana sanamu ya ndege, Enyamuchera, katika makao makuu ya UNESCO jijini Paris. Ziara ya siku moja ya Gredi ya Sita kwenda kwa wachongaji ingewafaa watoto kuliko ziara za kwenda kuona uwanja wa ndege, ambazo wazazi hulipia bila kunung'unika sana.

Kisha kuna pakiti ya chai. Hapa ndipo sanaa ya mtoto inapokutana na uchumi wa baba yake. Sehemu kubwa mno ya chai ya Kenya huuzwa kwa wingi kupitia mnada wa Mombasa, ikiwa ndani ya magunia, bila jina la mkulima wala picha. Huchanganywa na kufungwa kwingineko, na hapo ndipo thamani nyingine huongezwa. Bila shaka tofauti ya bei haitokani na mchoro wa pakiti pekee. Kuna mitaji, masoko, ushuru na mazoea ya wanunuzi. Lakini mchoro umo. Kila mara serikali inapozungumzia kuongeza thamani ya chai, mazungumzo huwa ya mitambo ya kufungashia. Nani atabuni nembo? Nani atachagua rangi zitakazoifanya chai ya Konoin au ya Litein itambulike katika duka la Cairo au Karachi?

Kericho ni makao ya Ketepa, ambayo pakiti zake zinajulikana katika kila duka nchini. Mwalimu anaweza kuwaambia watoto wakusanye pakiti tupu za chai za kampuni mbalimbali, wazipange, waseme ni ipi inayoonekana kutoka mbali na kwa nini, herufi zipi zinasomeka, picha ipi inasema uongo. Kisha wabuni ya kwao kwa kiwanda kilicho karibu na nyumbani. Wengi hawatakuwa wasanifu wa nembo. Watakuwa, walau, wanunuzi wasiodanganywa kirahisi na kijani cha kwenye karatasi.

Wanaopinga watasema kwamba Sekondari Pevu ndiyo mahali pa mambo hayo. Kundi la kwanza la CBC liliingia Gredi ya Kumi Januari 2026, na mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo ni mmoja wa mitatu. Makadirio ya Wizara ya Elimu yalikuwa kwamba mkondo huo uchukue takriban asilimia 15 ya wanafunzi, dhidi ya 60 wa sayansi na teknolojia. Lakini mwanafunzi hachagui mkondo ambao hakuwahi kuuonja. Mtoto wa shule ya bweni ya kibinafsi, aliyefundishwa na mwalimu wa sanaa aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, atafika na mkoba wa michoro yake. Wa shule ya shambani atafika na alama za kuchagua A au B. Pengo hilo linachimbwa katika Gredi ya Nne.

Kuna somo la kujifunza kutoka kwa majirani wa sanaa ya kuchora, yaani muziki na drama. Shule za Kericho na Bomet hucheza ngoma na kukariri mashairi kwa ustadi mkubwa, na si kwa sababu serikali ilizijalia pesa zaidi. Zina ngazi. Tamasha la muziki huanzia kwenye zoni, likaenda kaunti ndogo, kaunti, kanda na hatimaye taifa. Mwalimu mkuu anajua tarehe, mwalimu wa kwaya anajua atalinganishwa na nani, mzazi anaona vazi analolilipia likipanda jukwaani. Picha ya mtoto haina ngazi kama hiyo. Huchorwa, hupewa alama, hubandikwa ukutani ikiwa ina bahati, kisha huwashiwa moto wa chai ya walimu.

Hapa ndipo serikali za kaunti zinapoweza kuulizwa maswali. Elimu ya msingi ni jukumu la serikali ya kitaifa, na magavana hupenda kulisema hilo wanapobanwa. Lakini Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti elimu ya chekechea, vyuo vya kiufundi vya vijijini, pamoja na shughuli za kitamaduni, maktaba na makumbusho. Watoto wa chekechea wako mikononi mwa kaunti kabisa, na walimu wao huajiriwa na kaunti. Vilevile hakuna sheria inayoizuia Kericho au Bomet kutenga ukumbi kwa wiki moja kila mwaka na kutundika kazi za watoto wa shule za msingi, zikiwa na majina yao, ili wazazi walioacha kuchuma chai siku hiyo waje kuzitazama.

Kampuni nazo haziko nje ya jambo hili. Mashamba yaliyokuwa ya James Finlay yalinunuliwa na kampuni ya Browns ya Sri Lanka mwaka 2023, na mwaka uliofuata ikatangaza kuchukua yale ya Lipton yaliyokuwa zamani ya Unilever. Wenyeji wameuliza mengi kuhusu ardhi na hisa. Swali kuhusu shule zilizomo mashambani, nani atazikarabati na kwa kiwango gani, limeulizwa kwa sauti ya chini zaidi. Chumba kimoja chenye sinki, meza ndefu na rafu za kuanikia udongo kingegharimu kidogo kuliko mtambo wa kuchumia chai.

Hata hivyo, chumba bila mwalimu kitarudi kuwa stoo, kama karakana za 8-4-4. Njia ya haraka zaidi ni mafunzo ya likizo kwa walimu walioko, si ya kusomewa slaidi hotelini bali ya siku tatu za kuchoma makaa, kukanda udongo na kuchora kilima kupitia dirisha la kiberiti, yakiongozwa na wachongaji wa Tabaka, wachoraji wa mabango wa Litein na Sotik, na kina mama wanaopamba vibuyu. Tume ya Huduma za Walimu tayari ina utaratibu wa mafunzo ya walimu kazini. Kinachohitajika ni kuliingiza humo somo hili kwa vitendo. Na Baraza la Kitaifa la Mitihani linaweza kuanza na badiliko dogo katika karatasi ya Gredi ya Sita: picha moja iliyochapishwa vizuri, mistari mitano iliyo wazi chini yake, na mtoto aandike anachokiona.